Masikio ya Mkurugenzi

Asubuhi ya Jumatatu, Mganga Mkuu wa hospitali alishuka mwenyewe hadi chumba cha usikivu kupimwa masikio, kama waraka wa afya za watumishi ulivyotaka. Alivua koti, akakaa, akasogeza kikombe chake cha chai mahali ambapo kiwiko hakingekifikia. Mpimaji wa masikio, mwanamke mmoja mwembamba ambaye wagonjwa walimwita Dada Masikio, akamvika hedifoni. Zikateleza zikamwangukia shingoni. Akazirudisha, zikateleza tena. Masikio ya Mganga Mkuu yalikuwa madogo kama punje mbili za maharage, na hedifoni hazikuwa na pa kushikilia.

"Mzee wangu, naomba uzishike kwa mikono," alisema Dada Masikio.

Mganga Mkuu alitabasamu, akatazama kalenda ukutani. Karani wake, mama wa makamo aliyekuwa amemfuata na birika, akaiinua mikono ya bosi wake taratibu na kuibandika juu ya hedifoni. Kipimo kikaanza.

Matokeo yalikuwa mazuri sana. Mlio mzito, mlio mwembamba, mlio ambao hata mtoto mchanga angeukosa, Mganga Mkuu alibonyeza kitufe. Ile mashine ilikuwa imeletwa na wizara, na chochote kilichotoka wizarani Mganga Mkuu alikisikia hata kikinong'ona. Dada Masikio akaandika kwenye kadi: usikivu wa kawaida. Karani akabeba birika, wakapanda ngazi.

Hakuna aliyeliona jambo hili kuwa la ajabu. Ilijulikana kwamba cheo kikiingia sikio hupungua, kama inavyojulikana kwamba umri ukisogea mvi huja. Mnyapara hupoteza ndewe, ile nyama laini ya chini inayotobolewa hereni. Mkuu wa idara hubakiwa na kitu kama kifungo cha shati. Wakurugenzi huwa laini pande zote mbili, kama goti. Vinyozi waliwapenda, maana wembe haukuwa na kona ya kuzunguka. Mafundi miwani waliwafungia miwani kwa uzi mweusi kisogoni. Wala hawakuwa viziwi. Sauti iliyotoka juu yao waliisikia kupitia kuta tatu na mlango uliofungwa. Iliyotoka chini ndiyo haikufika. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kuhusu asiyesikia la mdogo hawakusema kitu, na serikali ilikuwa imelizingatia hilo kikamilifu.

Dada Masikio aliingia kazi hii kwa sababu ya mdogo wake. Mdogo huyo alizaliwa msemaji. Alianza jogoo akiwika na kunyamaza pale tu usingizi ulipomwiba, ndiyo maana mtaa ukamwita Redio. Kisha akaugua homa, akadungwa sindano kali, homa ikatoka na usikivu ukatoka nayo. Jina halikubadilishwa. Mama yao, fundi cherehani, aligundua siku alipomwita mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na mtoto akaendelea kupanga vifungo sakafuni kwa rangi zake. Mama akaacha cherehani, akaenda kumgusa bega. Tangu hapo nyumba hiyo ikawa na mazoea ya kugusana bega na kuzimazima taa, na lugha ya mikono ambayo nusu ilitoka shule ya viziwi na nusu waliitunga wenyewe jikoni. Redio akakua, akawa seremala. Msumeno ulimkata ncha ya kidole cha shahada, kwa hiyo ishara zake zikawa na kithembe, lakini nyumbani walimwelewa.

Dada mtu alipomaliza shule akasema anakwenda kusomea usikivu. Ukoo ukaitana, watu wakakaa kwenye viti vya kuazima.

"Yaani daktari," alisema mjomba wao, "lakini wa masikio tu?"

"Si daktari, Mjomba. Mtaalamu wa usikivu. Napima mtu anasikia nini na hasikii nini, halafu namtafutia kifaa cha kumsaidia."

"Miaka yote hiyo shuleni ukachokonoe nta?" Mjomba akatoa njiti ya kiberiti mfukoni, akaizungusha sikioni mbele ya kikao kizima, akaikagua ncha yake. "Mbona mimi nilifuzu zamani."

Watu wakacheka. Dada mtu akacheka nao, akaenda chuoni.

Aliporudi na cheti, hospitali ilimpa chumba chini ya ngazi, ukuta kwa ukuta na jenereta. Umeme ukiwapo, chumba kilikuwa kimya na kazi ilikwenda. Umeme ukikatika, jenereta lilinguruma, mashine ikapata nguvu na mgonjwa akapoteza ukimya. Mtu wa kwanza kumpima alikuwa Redio. Alimweka kwenye kiti, akapandisha sauti mpaka mwisho wa kitufe, mpaka sindano ya mashine ikatetemeka. Redio alikuwa akitazama mguu wa meza.

"Nilikwambia," alisema kwa mikono alipovua hedifoni. "Kwangu pamekufa. Pima wengine. Na huu mguu wa meza unalegea, niletee nyundo."

Wengine walikuwapo. Miongoni mwao alikuwa Mama Pacha, mfua nguo, aliyekuja na watoto wawili wa kike wa umri wa kutembea kwa kuyumba. Walifanana kama macho mawili. Mmoja aligeuka mlango ulipogongwa. Mwenzake alikuwa akikitafuna kifungo cha koti la mama yake.

Dada Masikio alimpima yule wa kifungo kwa njuga, kwa kengele, kwa ngoma ndogo, kisha kwa mashine. Akaona kwamba usikivu haujafa. Umelala mbali, na kifaa kizuri kingeweza kuuamsha.

"Huyu ataongea," alimwambia Mama Pacha. "Ila lazima avikwe mashine ya kusikia mapema. Ubongo wa mtoto haungoji mtu. Ukichelewa, sauti itakuja na isikute pa kukaa."

"Mapema ni lini, dada yangu?"

"Sasa hivi."

Akamlaza mtoto, akamjaza sikioni unga wa rangi ya waridi uliokandwa kwa maji, ukakauka, akachomoa umbo la sikio lake ili mashine ikija ikae sawasawa. Akaliandika jina la mtoto, akaliweka rafuni penye mengine. Rafu ilikuwa imejaa masikio ya waridi ya watoto waliokuwa wakisubiri. Mashine zenyewe hazikuja. Watoto walikua, masikio yao yakakua nao, na yale ya rafuni yakabaki vilevile, kwa hiyo kila baada ya muda Dada Masikio aliyatupa akafinyanga mapya. Hii ndiyo ilikuwa sehemu kubwa ya kazi yake.

Alipanda kwa Mganga Mkuu kuziomba mashine hizo. Alisimama mbele ya meza yake, akaeleza habari za Mama Pacha kwa utulivu, kuanzia njuga mpaka ule unga wa waridi. Mganga Mkuu alimsikiliza mpaka mwisho kwa uso wa huruma.

"Nashukuru sana," alisema. "Nami nawatakieni sikukuu njema."

Haikuwa sikukuu. Nje ya mlango karani alikuwa akikuna masizi kwenye birika.

"Mwanangu, unajichosha," alisema. "Huyo alinisikia mara ya mwisho alipokuwa msaidizi. Tulikuwa tukitaniana, anacheka mpaka machozi yanamtoka. Siku ya barua ya cheo nilimpa hongera, akaniuliza kwa nini nachezesha midomo."

"Sasa watu wanapelekaje shida zao juu?"

"Shida haina miguu. Ukitaka ifike juu, panda nayo mwenyewe."

Dada Masikio alishuka ngazi akilifikiria neno hilo. Jioni, mama yao akiwa anapiga pindo la sare za shule, aliwaeleza mama na mdogo wake kwamba ataomba kupandishwa cheo.

"Kheri, mwanangu," alisema Mama bila kuondoa mguu kwenye cherehani. "Lakini masikio yako nilikutoboa mimi. Uyaangalie."

"Nitapanda haraka, Mama. Nikifika panapoamuliwa, naamua, nashuka. Hayatawahi kuisha."

Redio alikuwa akilainisha kipande cha ubao. Alikiweka chini. "Wale wote walisema hivyo," alisema kwa mikono.

"Nani kakwambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Mimi huwa natazama."

Cheo cha kwanza kilikuja mvua zilipoanza: Mkuu wa Kitengo. Asubuhi ile alikuwa akinywa chai chumbani kwake chini ya ngazi, hereni ikadondoka kikombeni, na ya pili ikaifuata. Akajipapasa, ndewe hazikuwapo. Akamaliza chai, akazisuuza hereni, akazifunga kwenye leso. Wenzake wakamletea keki. Kwa cheo hicho alipata pazia jipya la dirisha na kibao cha mlangoni chenye maandishi ya dhahabu. Kuhusu mashine za kusikia aliambiwa uamuzi haupo ngazi yake, upo ngazi inayofuata. Alikuwa akiwasikia wagonjwa wote vizuri bado, ila mfagizi wa zamu ya asubuhi, aliyekuwa mtu wa sauti ndogo, ilibidi arudie salamu.

Mama Pacha alikuja tena. Pacha anayesikia alikuwa ameanza kusema "mama" na "maji" na "sitaki." Mwenzake alisema kwa kuvuta nguo. Dada Masikio akafinyanga sikio jipya la waridi, kubwa kidogo kuliko la zamani.

"Nimeshasogea," alimwambia mama mtu. "Bado ngazi moja."

Cheo cha pili kilikuwa Mkuu wa Idara, na ofisi ikahama kutoka chini ya ngazi kwenda juu ya ngazi. Masikio yakarudi nyuma mpaka yakawa vifungo viwili vya shati. Alijipima kila asubuhi kwa utepe wa cherehani wa mama yake, kama anavyopimwa mtu mwenye homa, akajiambia kwamba kifungo si haba. Kuna watu wanasikia kwa kifungo. Alipouliza kuhusu mashine, aliambiwa uamuzi huo hospitali haiuwezi. Ni wa wizara.

Mwaka huo wakuu wa idara walialikwa kwenye Semina ya Kumsikiliza Mwananchi, katika hoteli yenye mazulia mazito. Wakurugenzi walikaa mbele, vichwa vyao laini vikimeta chini ya taa, na wakuu wa idara nyuma yao. Mtoa mada alikuwa mkufunzi wa zamani wa Dada Masikio chuoni, mtu asiye na cheo, masikio yake mapana kama majani ya mgomba. Alianza vizuri. Baada ya muda mfupi akaona kwamba hakuna anayemsikia, maana hakuna aliyekuwa chini yake ukumbini. Akaiacha mada, akaanza kusoma jedwali la kuzidisha kwa sauti ileile ya kitaalamu. Washiriki waliandika. Alipofika saba mara nane alikosea, na hakuna aliyemsahihisha.

Dada Masikio alimsikia. Sauti ilimfikia kwa mbali, kama redio ya jirani, lakini kosa alilitambua. Mkufunzi alikuwa akimtazama yeye, kwa sababu alikuwa amemwona akiinua kichwa. Akanyamaza kidogo, akamngoja. Mbele, mkurugenzi mmoja akadhani mada imekwisha, akapiga makofi, na ukumbi mzima ukapiga makofi. Dada Masikio naye akapiga. Wakagawiwa vyeti vya Msikilizaji Makini, vyenye picha ya sikio.

Aliporudi kutoka semina alikwenda kwa mama yake, akakaa jikoni kuchambua mboga. Alishangaa kidogo kwamba cherehani chumba cha pili kilikuwa kimya, akadhani Mama amepumzika. Akaendelea kuchambua. Kisha akahisi mkono begani. Mama yake alikuwa amesimama nyuma yake na sindano mdomoni, na kutokana na uso wake ilionekana alikuwa ameita mara ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Mama hakusema tena. Alitoa sindano mdomoni, akaichoma kwenye kola ya gauni lake, akainua mikono. "Chakula kimeiva," alisema kwa mikono, kama alivyomwambia Redio miaka yote.

Redio, aliyekuwa kizingitini, alicheka mpaka akashika mbavu. "Karibu," alimwambia dada yake kwa mikono. "Huku kwetu hakuna kelele."

Walikula watatu, wakizungumza kwa vidole kati ya matonge. Yalikuwa mazungumzo mazuri. Mama alieleza habari za mteja aliyenenepa katikati ya vipimo, na Dada Masikio akacheka hadi akapaliwa. Alipokwenda kulala aliona kwamba hakupoteza kitu kikubwa. Sauti ya mama yake angeweza kuikumbuka akitaka. Alijaribu kuikumbuka, ikamjia ya mtu mwingine, akaiacha.

Wizara ilimwita mwaka uliofuata. Katibu Mkuu alikuwa amesoma kwamba yupo mtaalamu wa usikivu mwenye cheti cha usikilizaji, akaona inapendeza kwenye maandishi. Akateuliwa Mkurugenzi wa Huduma za Usikivu. Siku ya kuapishwa alijipitisha kiganja upande wa kulia wa kichwa, kisha wa kushoto, kikapita bila kukwama. Ngozi ilikuwa laini na baridi kidogo. Alifurahi kuona kwamba hajisikii vibaya. Kwa kweli alikuwa akisikia vizuri kuliko wakati wowote: Katibu Mkuu alikohoa ghorofa ya nne, na yeye, akiwa ya pili, alijua ni kikohozi kikavu. Waziri alipokuwa nje ya nchi akagugumia usingizini, Mkurugenzi aliamka kitandani akaketi.

Sasa alikuwa amefika panapoamuliwa, na hakusahau alichokifuata. Hilo lazima lisemwe kwa haki yake. Siku ya kwanza kabisa ofisini aliagiza mashine za kusikia, na kwa kuwa agizo lilitoka juu, kila aliye chini alilisikia. Meli ikaja, makasha yakashushwa, yakapangwa ghalani. Alikwenda kuyaona mwenyewe. Alifungua kasha moja, akashika mashine moja kiganjani. Ilikuwa nyepesi kama kunde, ya rangi ya ngozi, na ya kiwango kilekile alichokuwa akikiota chini ya ngazi. Aliitia betri, akaisogeza karibu na nyingine, zikalia mluzi kama zinavyolia. Hakusikia mluzi, lakini alihisi mtikisiko kwenye kidole, akatabasamu.

Akiwa bado ghalani, Katibu Mkuu alizungumza ofisini kwake, upande wa pili wa jengo, bila kupaza sauti.

"Viongozi waanze," alisema. "Ni wao wenye mahitaji makubwa zaidi. Hata mtoto ataona, ukimtazama kiongozi, kwamba hana masikio."

Kitaalamu hoja hiyo ilikuwa na kasoro, na Mkurugenzi aliijua kasoro yake. Mashine ile haikutengenezewa ugonjwa ule. Tena haikuwa na pa kuning'inia. Alipanda ngazi kurudi ofisini akimfikiria yule mtoto wa kifungo cha koti, na alimfikiria kwa moyo wake wote mpaka alipofika ghorofa ya pili. Hapo mlinzi akampigia saluti, msaidizi akamfungulia mlango, na akaona kwamba shehena nyingine itakuja tu. Akatoa amri viongozi waanze.

Mashine ziligawiwa kwenye hafla. Kwa kuwa hazikuweza kuvaliwa masikioni, viongozi walizivaa kifuani, upande wa moyo, kama nishani. Zilipendeza. Baada ya wiki chache hakuna kiongozi aliyeonekana bila yake, na mke wa kiongozi mmoja aliagiza ya rangi ya dhahabu ili ioane na viatu. Zilizobaki zilipangwa kwenye kabati la kioo pale mapokezi, zikamulikwa kwa taa ndogo, na wageni kutoka nje walipigwa picha mbele yake. Waziri akamsifu Mkurugenzi mbele ya watu. Mkurugenzi alisikia kila herufi.

Redio ndiye aliyeamua kwenda. Miaka ilikuwa imepita, na pacha wale walikuwa wametimiza umri wa shule. Anayesikia alikuwa tayari darasani, akiimba herufi. Mwenzake alirudishwa mlangoni mara mbili, akawa anashinda karakanani kwa Redio, ambaye alimfundisha mikono, na ambaye kwa bahati mbaya alimfundisha na kithembe chake. Mama Pacha aliomba ruhusa kwa wateja wake, akavaa gauni la kutokea. Mama fundi cherehani alimshonea mtoto kola mpya. Wakaenda wizarani watatu: Redio, Mama Pacha na mtoto.

Mlinzi wa mapokezi alipoona seremala na mfua nguo alitaka kuwauliza wana miadi na nani, lakini Redio alimwonyesha uso wake, na kwa kuwa ulikuwa uso wa Mkurugenzi ukiongezewa masikio mawili, mlinzi akawapitisha.

Mkurugenzi alisimama kuwapokea. Alimkumbatia mdogo wake, akampa Mama Pacha mkono, akampapasa mtoto kichwani. Kiyoyozi kilikuwa kikivuma. Wakakaa kwenye viti vya ngozi vilivyowameza hadi kiunoni.

Mama Pacha alianza yeye. Alikuwa ameyapanga maneno yake vizuri njiani: kwamba hakuja kulaumu, kwamba anakumbuka mkono mwepesi wa dada yule chini ya ngazi, kwamba mtoto bado anageuka kidogo lori likipiga honi, kwa hiyo huenda hawajachelewa kabisa. Mkurugenzi aliona midomo ikifunguka na kufungika. Alimtazama kwa uso wa huruma.

"Nashukuru sana," alisema. "Msalimieni na baba watoto."

Baba watoto alikuwa amekufa kabla pacha hawajatambaa. Mama Pacha akatazama mikono yake mwenyewe, ambayo sabuni ilikuwa imeichubua.

Redio akagonga meza kwa kiganja, mara mbili, kama walivyokuwa wakigonga meza ya jikoni, na dada yake akahisi mtikisiko wa mbao ukimfikia vidoleni. Akainua macho.

"Dada," alisema Redio kwa mikono. "Hii haihitaji sikio. Nitazame."

Akamtazama.

"Mtoto huyu ulimpima wewe. Ulisema ataongea. Mwenzake anaimba darasani, huyu anagonga misumari kwangu. Mashine zipo pale chini kwenye kioo, nimeziona nikipita, kwenye taa. Nipe moja. Siombi yangu, kwangu unajua pamekufa. Moja, nimvike mimi mwenyewe, umbo la sikio tutafinyanga hapahapa kama huna muda wa kutafuta unga. Mama hajui kama nimekuja kuomba. Ameniambia nikusalimie tu."

Mkurugenzi alielewa kila neno. Ishara hazikuwa na juu wala chini. Zilimfikia zote, pamoja na kithembe cha kidole kilichokatika. Alielewa hata lile ambalo Redio hakulisema ila lilikuwa kwenye mabega yake. Mikono yake mwenyewe ikainuka kidogo kutoka mezani, kwa mazoea, kama ya mtu anayetaka kujibu.

Ghorofa ya nne, Katibu Mkuu alisogeza kiti chake. Mikono ya Mkurugenzi ikarudi mezani.

"Nimekusikia," alisema kwa mdomo. "Suala lako linashughulikiwa."

Redio aliisoma midomo yake. Mtoto, ambaye muda wote huo alikuwa akikitazama kifua cha Mkurugenzi, alijikwamua kutoka kwenye kiti cha ngozi, akazunguka meza, akasimama mbele yake. Pale kifuani, upande wa moyo, palikuwa na kitu kidogo cha rangi ya ngozi kilichobanwa kwa pini. Mtoto akakigusa. Kisha akauliza kwa mikono, kwa kithembe kilekile cha mwalimu wake:

"Hiki ni cha nini?"

Katika nchi nzima hakuna aliyelijua jibu la swali hilo kuliko mwanamke yule. Alilisomea. Angeweza kulieleza kwa ishara tatu, na mtoto angeelewa. Mtoto aliuliza tena, akidhani hakuonekana, na safari hii aliifanya mikono yake iwe mikubwa zaidi.

Macho hayafanani na masikio. Hayapungui kwa cheo, na serikali ilikuwa bado haijapata njia. Mkurugenzi ilibidi ayafumbe mwenyewe. Aliyafumba, akakaa wima kwenye kiti chake, uso wake mtulivu, viganja vikiwa bapa juu ya meza. Alihisi mguso mdogo kwenye goti, halafu haukuwapo. Alihisi sakafu ikitikisika kidogo, hatua za watu watatu, mmoja wao mwepesi. Alihisi upepo wa mlango. Akaongeza muda kidogo, kwa uhakika.

Alipofumbua, viti vilikuwa vitupu, ngozi yake ikijirudisha polepole pale walipokuwa wamekaa. Kiyoyozi kilikuwa kinamtia baridi upande wa kichwa. Akaita karani aje akipunguze, bila kupaza sauti, na karani akaja mbio kutoka mwisho wa korido, maana yeye alikuwa bado ana masikio.